Namba Saba, na Jinsi Albamu Inavyobebwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa penseli. Haikuwa ya kuandikia. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na Hajji aliyeniajiri pale Migori alilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Penseli ilikuwa ya kutibu kaseti. Redio ikishatafuna utepe, unachomeka penseli katika tundu la kaseti, unazungusha polepole huku kidole kikinyoosha mikunjo, mpaka wimbo unarudi nyumbani kwake. Wateja walizileta kwenye mifuko ya sukari kama watoto wagonjwa. Kufikia jioni nilikuwa nimezitibu zote, na mtaa mzima ukaanza kuniita Daktari. Mpaka leo ukifika Migori uulize Daktari Otuoma, hawatakupeleka hospitali.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosikiliza muziki kwa simu, mkidhani wimbo huota wenyewe hewani na kuanguka masikioni. Mimi niliuza albamu kwa miaka zaidi ya ishirini na tano, Migori, Rangwe, Ndhiwa na Homa Bay, kaseti zikafa mikononi mwangu, sidii zikafuata, kisha flashi. Watu wenye digrii walikuja kuniuliza kwa nini albamu hii inadumu na ile inakufa kabla maharagwe hayajakomaa. Niliwaambia, nao waliandika.

Hajji alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, kofia yake nyeupe muda wote, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wote tuonekane tunatafuna mawe. Juma la kwanza tu aliniita mteja alipotoka.

"Otuoma, yule bwana amenunua nini?"

"Kaseti, Hajji."

"Hapana. Amenunua wimbo mmoja. Hizo saba nyingine amebebeshwa. Wewe kazi yako ni kuhakikisha mwezi ujao anarudi kumshukuru aliyembebesha."

Maneno hayo ndiyo chuo changu kikuu. Albamu ina nyimbo nane, lakini inaingia nyumbani kwa mtu kwa mguu wa wimbo mmoja. Huo sisi tuliuita wimbo wa kubeba. Ndio unaopigwa na spika ya mlangoni, ndio mtu anaimba nusu huku akikuuliza jina lake. Lakini wimbo wa kubeba huchoka kama punda. Ukichoka kabla hujaweka wa pili njiani, albamu nzima inakaa chini. Huo wa pili ni wimbo wa kupokea, unaopokea mzigo wakati wa kwanza bado una nguvu ya hatua chache. Na mara moja moja sana, albamu inakuwa na wimbo wa mzizi. Huu haupigi kelele. Unauza pole pole, mwaka huu, mwaka kesho, kwa sababu watu wameufungia ndani ya jambo fulani la maisha yao.

Utajuaje wimbo umechoka? Wenye digrii waliangalia karatasi. Mimi niliangalia wanawake wa omena. Nilipohamia Homa Bay, nilikuwa nabeba spika ndogo asubuhi hadi kule wanakoanika omena juu ya nyavu. Wimbo mpya mzuri ukilia, mikono yao inasimama. Wimbo ukiwa katikati ya maisha yake, wanaimba huku wanageuza samaki. Ukianza kuchoka, wanaubadilisha maneno na kumtukania mtu ndani yake. Hapo nilijua nina wiki tatu, nne kwa bahati, kabla dukani hakujawa kimya. Sikuwahi kukosea. Sawa, nilikosea mara moja, lakini hilo halikuwa kosa la sikio.

Kabla ya Homa Bay nilizunguka masoko. Siku ya soko Rangwe, siku ya soko Ndhiwa, sanduku mgongoni na betri ya gari miguuni. Huko nilijifunza kwamba anayecheza mbele ya spika hanunui. Anayenunua ni yule mama aliyeacha mizani yake na mteja amesimama. Nilipouza kushinda maduka yenye milango, kampuni moja ya kusambaza muziki ikanichukua niwe msimamizi wa duka lao Homa Bay. Hajji hakunizuia. Aliniambia tu, "Nenda. Ila usisahau, neno la muuzaji ni sehemu ya bidhaa."

Bosi wangu mpya alikuwa Meneja wa Mauzo. Suruali yenye mkunjo wa pasi, kalamu mbili mfukoni, na haraka. Kwake kila kitu kilikuwa haraka. Na katika siku hizo kitu kilichotupa wote homa kilikuwa Kumi Bora. Redio moja ya Kiluo ilisoma kila Jumamosi asubuhi albamu kumi zilizouzwa kuliko zingine katika juma. Alhamisi mtangazaji alipigia simu maduka makubwa, letu likiwemo, nasi tunamtajia. Albamu iliyomo ndani ya Kumi Bora, maduka ya mbali yanaagiza bila kuisikiliza. Iliyotoka, katoni zinarudishwa na vumbi juu.

Sasa niwaambie kuhusu Nyar Ndhiwa. Nyar ni binti wa mahali, na hilo ndilo jina alilojipa jukwaani. Alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, sauti yake ina mchanga kidogo chini, kama maji ya mto yanayopita juu ya kokoto. Aliuza cherehani yake ili arekodi. Alinipa hiyo habari kama mtu anayesema amekata mkono wake wa kulia.

"Daktari," alisema, "hii ikikufa, mimi sina pa kurudi kukaa."

Tulikaa nyuma ya duka tukasikiliza nyimbo zote nane, kalamu hakuna, mimi nashika kwa kichwa. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, mwenye pikipiki wa Rangwe anayempeleka bibi harusi kwenye boma lisilo lake, na wenye boma wanakataa kumrudisha. Nikamwambia huu ndio utabeba. Ya nne, inayomsema shemeji mlafi, hiyo itapokea. Kisha ikafika ya saba.

Ya saba iliitwa Kuni za Dani. Dani ni bibi, nyanya, mama wa mzazi wako. Nyar Ndhiwa alikuwa amelelewa na dani yake, na katika wimbo anamwambia: umebeba kuni za kutosha, sasa weka chini, za leo nitaleta mimi. Gitaa moja tu na sauti. Nilihisi shingo yangu ikipata baridi saa sita mchana.

"Huu ni mzizi," nikamwambia. "Huu ukiingia matangani, albamu yako haitakufa."

Niwaeleze. Kwetu, harusi zina msimu, matanga hayana. Mazishi ndiyo umati mkubwa kuliko wote, na pale kuna spika kubwa kuliko za kanisa. Wimbo ukikubaliwa matangani, kila mwombolezaji anaondoka nao hadi kijiji chake.

Nyar Ndhiwa alisimama.

"Hapana. Dani yuko hai. Mtu aliye hai haliliwi, Daktari, wewe ni Mjaluo, unajua. Ukimlilia unamwita kaburini. Huu wimbo ni wa kumshukuru. Uko kwa albamu, anayenunua atausikia nyumbani kwake. Lakini usiupeleke matangani mpaka... usiupeleke tu. Niahidi."

"Nimeahidi."

"Kwa mdomo tu?"

"Kwa mdomo wa Daktari."

Albamu ilitoka Pasaka. Wimbo wa pikipiki ulishika kama moto wa kiangazi. Bodaboda walikuwa wanafikia duka na injini ikinguruma, mmoja anapiga kelele, "Wee Daktari! Nipe ile ya kunitukana!" Wiki ya tatu tuliingia Kumi Bora nafasi ya sita, wiki ya tano tukawa wa pili. Nilitembea Homa Bay kama mtu aliyejenga ziwa.

Kisha Meneja akaja na haraka yake. Alitaka wimbo wa shemeji upelekwe redioni mara moja.

"Bado," nikamwambia. "Wa kwanza haujachoka. Ukimwamsha wa pili sasa, watakimbia pamoja na kuchoka pamoja."

"Otuoma, ulisomea wapi biashara?"

"Migori, bosi. Kwa Hajji."

"Basi kwa Hajji walisahau somo moja. Chuma kinafuliwa kikiwa moto."

Akaupeleka bila mimi. Kwa mwezi mmoja alionekana ana akili. Nyimbo mbili zililia mtaa mzima, tukafika nafasi ya kwanza, na Meneja akanunua soda kwa wafanyakazi wote. Mimi sikunywa. Nilikwenda kwa wanawake wa omena. Walikuwa wameshabadilisha maneno ya nyimbo zote mbili. Wa pikipiki walikuwa wanamtukania chifu, wa shemeji walikuwa wananitukania mimi.

Agosti tukawa wa tatu. Septemba wa tano, kisha wa saba. Meneja akaniita ofisini, mlango ukafungwa.

"Kampuni haitatoa kopi mpya za Krismasi kwa albamu iliyo nje ya Kumi Bora. Jumamosi ya kwanza ya Novemba ndiyo tunaamua. Ikiwa ndani, tunachapisha. Ikiwa nje, masta inaingia kabatini, na huyo binti atafute kazi nyingine."

Masta ni rekodi mama, ile zote nyingine zinazaliwa kwayo. Ikifungiwa kabatini albamu imekuwa tasa. Na Krismasi ndiyo msimu wetu, watu wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, kila gari linataka wimbo wa kuingia nao kijijini. Nilifikiria cherehani iliyouzwa. Na nisiwadanganye, nilifikiria pia jina langu. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Itakuwa ndani," nilisema. "Ikitoka, nitakuletea funguo za duka hapa mezani na utafute msimamizi mwingine."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Wiki iliyofuata tukawa wa tisa. Nilijaribu kila dawa. Nilibadilisha kava mbele, nikapiga wimbo wa pili na wa tano na wa sita mlangoni, nikaenda Mbita na Rusinga na sanduku kama zamani. Watu walisikiliza kwa adabu. Adabu ni kifo katika biashara hii. Alhamisi mtangazaji alipopiga simu, ulimi uliniwasha nimtajie uongo. Sikumtajia. Lakini mtu anayejisifu kwamba hakusema uongo mkubwa, muangalie, huenda anajiandaa kufanya jambo baya zaidi.

Ijumaa nilikwenda mazishi ya mama mmoja mzee huko Rangwe. Sikumjua. Nilimjua fundi wa spika. Nilimpa sidii na kumwambia, "Namba saba. Jeneza likiinuliwa."

"Ni ya nini hii, Daktari?"

"We weka tu, omera, ndugu yangu. Utaona."

Jeneza liliinuliwa, gitaa likaanza, na ile sauti yenye mchanga ikasema, weka chini kuni, za leo nitaleta mimi. Wanaume wakubwa walikaa chini kwenye nyasi. Binti za marehemu walilia mpaka mchungaji akafunga Biblia akasubiri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu waliomfuata fundi wa spika kuuliza albamu ni gani.

Juma moja lilitosha. Mafundi wa spika huambiana kama ndege. Wimbo ukalia Oyugis, ukalia Awendo, ukavuka hadi kwa majirani zetu Wakuria. Dukani walikuja watu wa sura nyingine, wazee, wajane, watu wasionunua muziki. Hawakutaka kusikia kwanza. Walisema, "Ile ya kuni," wakaondoka nayo kifuani. Jumamosi tukawa wa nne, na Meneja akanipiga bega. Nilitabasamu kwa meno tu. Nilikuwa nasikia hatua za mtu njiani.

Nyar Ndhiwa alifika Jumatatu. Hakunisalimia. Alisimama mlangoni, wateja wawili wakiwa ndani, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Umemzika dani yangu."

Wateja wakatoka.

"Jirani yetu alizikwa juzi," aliendelea. "Dani alikuwa ameketi na wazee wenzake pale mbele. Wimbo ukaanza. Watu walilia, halafu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wanamwangalia. Wanamwangalia yeye, Daktari! Mwimbaji ni mjukuu wake, kila mtu anajua. Aliinuka akarudi nyumbani peke yake akafunga mlango. Leo siku ya tatu hali. Ametuma nikuite."

"Anataka nini?"

"Ukamuulize mwenyewe. Wewe si ndio mwenye mdomo?"

Njia ya kwenda Ndhiwa siikumbuki. Nakumbuka tu nilikuwa napanga maneno, na kila nikiyapanga yanaanguka. Nilikuwa nimewahi kushawishi kituo kizima cha polisi kinunue kaseti ya injili. Sasa nilikuwa sina hata sentensi moja ya kumpa bibi mmoja.

Alikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye kigoda, mdogo kuliko nilivyotarajia, kitambaa cha kijani kichwani. Sahani ya ugali ilikuwa pembeni, haijaguswa. Nilipiga goti moja nikamsalimia. Aliniacha hapo chini muda mrefu.

"Ni wewe unauza kifo changu?" akauliza kwa Kiluo.

"Dani, nimekosa."

"Sijauliza kama umekosa. Nimeuliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

"Kinanunuliwa?"

Nilimwangalia mjukuu wake. Alikuwa ameangalia ukuta. "Kinanunuliwa sana, dani."

"Eh!" Akajisogeza kwenye kigoda. "Basi nina thamani kuliko nilivyodhani. Huyu mtoto anafikiri nimekataa chakula kwa huzuni. Nimekataa kwa hasira! Watu waliniangalia kama nguo ya marehemu ya kugawana. Yule jirani, Min Atieno, aliniuliza kama nimeshachagua mahali pa kulala kabisa. Mimi! Aliyetangulia kuota mvi ni yeye." Akaninyooshea kidole. "Umeniweka kwenye spika nikiwa nimenyamaza. Maiti ndiyo hunyamaza wakisemwa. Katika wimbo wangu, pakruok yangu iko wapi?"

Pakruok ni desturi yetu ya kujisifu hadharani. Muziki unapunguzwa, mtu anasimama, anataja kwao na sifa zake, wote wanamsikia, kisha gitaa linapanda tena. Anayejisifu hawezi kuwa amekufa. Niliona mara moja bibi huyu alikuwa na akili kuliko ofisi yetu yote. Alitaka arekodiwe, sauti yake itangulie wimbo, ili popote utakapopigwa, hata kaburini kwa mtu, waanze kumsikia akiwa hai.

"Na zile ambazo hazina sauti yangu," akasema, "zitoke sokoni. Zote. Ndipo nitakula."

Nikahesabu haraka kichwani. Kurekodi, kutengeneza masta nyingine, kopi, kuzisambaza. Wiki mbili, labda tatu. Albamu isipokuwa dukani haiuzwi, isipouzwa haitajwi Alhamisi. Na ile Jumamosi ya Novemba ilikuwa imebakiza wiki mbili tu kufika.

Meneja alikuwa wazi. "Wimbo unaouza hauguswi. Bibi atakula akiona njaa."

"Niliahidi, bosi."

"Na mimi uliniahidi nini?"

Hapo ndipo nilipojua nimeahidi watu wawili kwa mdomo mmoja. Nilikwenda dukani nikazitoa zote rafuni. Nikapanda bodaboda, nikazunguka Rangwe, Oyugis, Ndhiwa, Rongo hadi Migori, duka kwa duka, nikikusanya albamu iliyokuwa ya nne katika nchi ya Waluo. Wenye maduka walinicheka. Mmoja alisema, "Daktari, leo unaua mgonjwa aliyepona?" Hajji, mzee sasa, alinipa kopi zake zote bila kuuliza, akazifunga yeye mwenyewe kwa kamba.

Dani alirekodi Homa Bay kwa pumzi moja. Alikataa kusomewa chochote. Nawaandikia kwa Kiswahili lakini kwa Kiluo ina pilipili zaidi: "Mimi ni nyar Kabuoch! Mke wa mvuvi asiyejua kuogelea! Nimezaa saba, nimelea mkorofi huyu anayeimba! Meno yamebaki manne lakini bado nauma! Niko hai! Anayetaka kulia, alie mambo yake!" Kisha gitaa linaingia taratibu. Fundi wa mitambo wa studio alilia na kucheka kwa wakati mmoja, akaharibu jaribio la kwanza. Dani akaagiza samaki mzima, akamla mpaka macho.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nilikaa na redio. Kumi. Tisa. Nane. Mtangazaji alishuka mpaka moja. Hatukuwemo.

Nilipeleka funguo mezani kwa Meneja. Aliziweka kwenye droo bila kuniangalia, pamoja na masta ya Nyar Ndhiwa, ile ya zamani. Mpya nilikuwa nayo mimi, kwa sababu nilikuwa nimeigharamia mwenyewe. Nilikodi kibanda mkabala na duka lile lile, upana wake kama kabati, nikaning'iniza spika moja mlangoni. Mwanzoni mwa Desemba magari yakaanza kuingia kutoka Nairobi. Niliwapigia wa pikipiki kuwasimamisha, maana kwa wageni ulikuwa bado mpya. Walipokuwa wamesimama wanacheka, nikawapigia namba saba.

Hawakuelewa wacheke au walie, na mtu asiyeelewa hununua ili akaelewe nyumbani. Wakaiita albamu ya bibi aliye hai. Krismasi tulirudi Kumi Bora. Tulikaa humo mpaka Pasaka, tukatoka, tukarudi Agosti, tukakaa tena. Wa pikipiki unawaleta mlangoni, wa saba unawafanya wamtume ndugu kununua nyingine. Ndiyo siri yote, nimewapa bure. Meneja mwenyewe alivuka barabara kuja kuagiza kwangu. Nilimuuliza alisomea wapi biashara.

Lakini Nyar Ndhiwa hakuniletea albamu ya pili. Alinunua cherehani, akanunua nyingine tatu, na akarekodi Kisumu kwa watu wengine. Nilipomwendea alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wimbo umeurudisha, Daktari," akasema. "Neno hujalirudisha."

Nimeuza albamu za watu wengi baada ya hapo. Nimejenga nyumba ya mabati ya rangi, watoto wanne wamesoma mpaka wakanipita, kibanda kimekuwa maduka mawili. Mwaka jana nilifunga la mwisho. Simu imekula sidii, imekula flashi, sasa mtu anachukua wimbo mmoja anaacha saba zikilia nje kama mbuzi walioachwa mvuani. Silalamiki. Nakaa nyumbani Homa Bay, wananiletea redio mbovu, natibu. Ile penseli bado ninayo. Naujua ufundi wangu kuliko mtu yeyote kando ya ziwa hili. Ila usiku na mchana inanirudia albamu moja, ile ya pili ya Nyar Ndhiwa, ambayo sikuibeba, na ilikufa mikononi mwa watu wa haraka ndani ya miezi mitatu.

Miezi michache iliyopita simu ililia. Sauti yenye mchanga.

"Dani amelala. Tunazika Ijumaa. Njoo na ile masta."

Umati ulikuwa wa kujaza uwanja wa shule. Fundi wa spika, mtu mzima sasa, alinifuata pembeni kwa wasiwasi. "Daktari, ile sauti ya mwanzo... nikate? Nianzie kwenye gitaa? Si vizuri, leo maana yeye mwenyewe..."

Nilimtazama Nyar Ndhiwa. Alikuwa amesimama kichwani mwa jeneza, mvi zimeanza, mikono imeshikana. Alikuwa amesikia. Alinitazama, akingoja nitasema nini kwa kile kitu changu kinachoitwa mdomo.

"Yeye aliagiza iwe popote," nikamwambia fundi. "Nami niliahidi. Anza mwanzo."

Jeneza likainuliwa, na juu ya vichwa vyetu vyote yule bibi akapaza sauti: Mimi ni nyar Kabuoch! Alipofika kwenye meno manne, kicheko kilianzia kwa wazee nyuma. Alipofika "niko hai" uwanja mzima ulikuwa unacheka, na walipokuwa bado wanacheka gitaa likaingia, na kuni zikawekwa chini.

Baadaye msichana mmoja, simu mkononi, macho mekundu, alimwendea Nyar Ndhiwa. "Auntie, hiyo ngoma iko kwa albamu gani?"

Nyar Ndhiwa hakugeuka. Alinyoosha mkono akanionyesha mimi.

"Muulize yule. Yeye ndiye anaibeba."

Msichana akaja.

"Ni ya saba, mama," nikamwambia. "Lakini usichukue hiyo peke yake. Anza na ya kwanza."